Acheni kuisingizia kole

"Papa, hii kole ni mbaya. Utupatie ingine ya nguvu."

Kole ni gundi ya lebo. Sentensi hiyo ya wateja inatoka Birere, inatoka Ndosho, hapa Goma, inavuka ziwa kutoka Kadutu, Bukavu, na picha inayofuatana nayo ni ileile: chupa, na ncha ya lebo imesimama kama sikio la mbuzi. Kole imekuwa kama bibi kizee wa kijijini: akifa mtoto ni yeye, akifa ng'ombe ni yeye. Naandika haya ili kesi hiyo ikija tena nitume ukurasa huu na kuendelea na kazi.

Kabla ya kuhukumu, geuza lebo iliyobanduka uangalie mgongo wake. Kole ikiwa yote iko kwenye lebo na chupa haina hata alama ya kole, chupa ndiyo iliyoikataa: ina maji, mafuta, vumbi, au ni plastiki isiyopenda kushikwa. Lebo ikiwa imeng'ang'ania kote isipokuwa ncha ya mwisho, tafuta kosa kwenye urefu, ugumu wa karatasi au vanishi. Karatasi ikichanika ukijaribu kuibandua, kole haina deni lako. Kole ikibaki kwenye chupa na karatasi ikatoka tupu, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Njia zenyewe, kwa haraka. Kuna gundi ya baridi, ya kazeini (protini ya maziwa) au ya wanga, inayopakwa mgongoni mwa karatasi zilizokatwa tayari. Ndiyo ya chupa za bia zinazorudi kiwandani. Ile ya kazeini huvumilia chupa yenye jasho, halafu huachia ikioshwa kwa soda kali ya moto. Kuna gundi ya moto: filamu nyembamba hukatwa kutoka kwenye roli, ncha ya kwanza hupakwa ili ishike chupa, ncha ya mwisho hupakwa ili ilale juu ya ile ya kwanza, na katikati hakuna hata tone. Ndiyo ya chupa za maji. Na kuna stika ya roli, inayokuja na kole yake juu ya karatasi yenye silikoni. Wenye chupa mia mbili au elfu mbili kwa siku wako hapa, na ndio wanaonipigia simu.

Sasa tazama ushauri wa "ongeza kole" unavyofanya kazi. Kwenye gundi ya baridi, ukiongeza, karatasi inavimba, lebo inaogelea kabla haijakauka na kuhama mahali pake. Kwenye gundi ya moto, ziada inaminywa nje ya mshono na chupa zinashikana zenyewe kwa zenyewe ndani ya pakiti. Ukipandisha moto kupita kiasi (nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 140 hadi 160) gundi inaungua, inakuwa vipande vyeusi na kuziba mdomo wa kupakia. Kwenye stika ya roli hakuna pa kuongezea. Wanaopaka super glu kwa kijiti kwenye ncha, mnajijua.

Tuanze na maji. Chupa ya juisi ya maracuja inatoka kwenye frigo ikiwa na nyuzi 4, inaingia kwenye chumba chenye nyuzi 23. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 70, jambo la kawaida kabisa hapa kando ya ziwa, hewa hiyo inaacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi chini ya 17 hivi. Chupa inatoka jasho papo hapo. Jasho lenyewe si lazima ulione likitiririka. Ukungu mwembamba unatosha. Kole ya stika inakaa juu ya ukungu huo, wala haijagusa chupa. Ukiifuta chupa, inalia tena kabla hujashika stika. Dawa ni kubadili mpangilio wa kazi: bandika kwanza, poza baadaye. Lebo ikishashika vizuri, haisumbuliwi sana na jasho linalokuja nje yake.

Kinyume chake nacho ni kosa. Chupa iliyojazwa ikiwa ya moto imevimba. Chupa ya PE, plastiki ya chupa za sabuni ya maji, yenye mzingo wa milimita 220, ikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 20, mzingo wake unapungua zaidi ya milimita 1. Karatasi haipungui nayo, kwa hiyo inakunjamana, na asubuhi mtu anaamka kuona mikunjo ambayo jioni haikuwapo, analaani kole. Ngoja chupa ifike joto ambalo mkono hausikii moto wala baridi.

Aina ya plastiki isome chini ya chupa, ndani ya pembetatu. Namba 1 ni PET, inashika bila shida. Namba 2 na namba 5, yaani PE ngumu na PP, ndizo chupa za sabuni ya maji na vikopo vingi vya mafuta ya ngozi, na hizo uso wake ni kama jani la muyugwa: maji hujikusanya matone, hayatandazi. Kole nayo ni kimiminika kizito, isipotandaa haishiki. Kwa hizo agiza stika yenye kole ya jamii ya mpira, au chupa ambazo kiwanda kimezipitisha kwenye ndimi za moto kabla ya kuziuza. Kipimo ni tone la maji kwenye chupa safi. Likilala bapa, endelea. Likisimama kama shanga, usitegemee miujiza.

Halafu uchafu. Vumbi letu la mawe ya volkano si la mchezo, ni chembe kali, na dirisha la depo likilala wazi usiku mmoja tu, kila chupa inavaa koti jeusi lisiloonekana. Futa kwa kitambaa safi na alkoli ya famasi ya asilimia 70, ikauke. Petroli na mafuta ya taa hapana, vinaacha utando. Kwa mawese na pilipili ya mafuta alkoli peke yake inasambaza tu mafuta. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni, suuza, kausha.

Hayo ni mepesi. Linalonichosha ni mshono.

Lebo ya kuzunguka inakutana na mkia wake, na watu wanakata urefu kwa macho. Mzingo ni kipenyo mara 3.14. Chupa ya kipenyo cha milimita 65 ina mzingo wa milimita 204. Ukitaka ncha zipandane kwa milimita 6, lebo ni 210. Lakini ukikosea kipenyo kwa milimita 1 tu, mzingo unakosea kwa zaidi ya 3, na nusu ya mpandano wako imekwenda. Kwa hiyo usipime kwa rula juu ya mdomo wa chupa. Zungusha ukanda wa karatasi mahali lebo itakapokaa, weka alama kwa kisu, nyoosha, pima. Fanya hivyo kwa chupa tano, si moja, na chupa ziwe zimejazwa na kufungwa. Chupa tupu ya PET inabonyea chini ya rola na kukudanganya.

Sasa fikiria ncha ya juu inashika nini pale kwenye mpandano. Haishiki chupa. Inashika uso wa lebo yenyewe! Uso huo mchapishaji ameupaka vanishi ya kung'aa au ameulaza filamu juu, kwa sababu mteja alitaka "iwake". Vanishi nyingine zina silikoni ndani yake, jamii ileile inayopakwa kwenye karatasi ya kubebea stika ili stika iachie kirahisi. Umelipa pesa ili lebo isijishike, kisha unashangaa haijishiki. Mwambie mchapishaji aache milimita 10 bila vanishi kwenye ncha inayotangulia, ile itakayofunikwa. Ni sentensi moja kwenye oda. Sijui ni kwa nini inahitaji mwaka mzima kueleweka.

Jambo la pili hapo hapo: karatasi ina nyuzi, na kwenye roli nyuzi zinafuata urefu wa roli. Maana yake lebo ya kuzunguka inakunjwa kwenye upande wake ulio mgumu zaidi. Juu ya chupa pana haina neno. Juu ya kichupa cha dawa chenye kipenyo cha milimita 20, karatasi nzito ya gramu 90 inafanya kazi usiku kucha kujinyoosha, na sehemu pekee inayoweza kujinyoosha ni ncha. Ncha hiyo iliyosimama ndiyo tunayoiita bendera. Chukua karatasi nyembamba zaidi au filamu laini ya PE, bendera inalala.

Vitabu vinasema mpandano wa milimita 5 unatosha. Mimi nina shaka nao kwa chupa laini. Huko nafika 8, wakati mwingine 10. Na kwa kioo kilichonyooka mara nyingi sipandanishi kabisa: naacha pengo la milimita 2 au 3, kila ncha ishike kioo chenyewe. Wateja hawapendi, wanasema lebo "imepungua". Haijapungua. Pengo lililonyooka linavutia kuliko mpandano uliopinda.

Na kupinda, ah. Wengi wanakuta ncha ya mwisho imepanda au imeshuka kwa milimita 5, wanakamata spana na kuanza kulegeza mashine. Kwanza jiulize kama chupa imenyooka. Chukua mtungi wa asali wenye kipenyo cha milimita 70 juu ya lebo na 69 chini yake, lebo ikiwa na kimo cha milimita 60. Kwa macho umenyooka kabisa. Lakini lebo iliyokatwa mstatili, ikianza sawa na ikaachwa itembee yenyewe, inarudi mwanzoni ikiwa imekosea kwa karibu milimita 6, na inakimbilia upande mpana. Milimita 1 tu ya tofauti! Ule ukanda wa karatasi wa kupimia unakuonyesha hilo bila mashine: uzungushe bila kuulazimisha, uone unapotua. Kwa vikopo vya yoguti hakuna mjadala, lebo ikatwe kwa upinde.

Kujua mwenye kosa kwenye mashine ya mezani, ile ya rola mbili chini na moja ya kukandamiza juu: bandika chupa moja, kisha geuza nyingine mdomo uelekee upande wa pili, bandika tena. Kosa likihama pamoja na mdomo, chupa imechongoka. Kosa likibaki upande uleule wa mashine, ndipo uguse spana: rola haziko sambamba, au roli la lebo limekaa upande.

Marekebisho mengine nayapitia mbiombio. Chupa ikae milimita 1 hadi 3 kutoka kwenye ukingo wa kubandulia, pale stika inapoachana na karatasi yake; mbali zaidi ya hapo lebo inaning'inia na kuingiza hewa. Mashine ikisimama, lebo inayofuata ichungulie milimita 2 au 3. Mkanda wa kuzungushia ukienda kasi kuliko lebo inavyotoka, lebo inavutwa, halafu ikitulia inajirudi na ncha inaachia. Ukienda polepole, vipovu. Sensa ya mwanga haioni lebo inayopenya mwanga, tafuta ya aina nyingine. Umeme ukichezacheza mota inapoteza hesabu na lebo zinasogea kidogo kidogo, kwa hiyo stabilaiza kwanza, fundi baadaye. Karatasi ya kubebea ikikatikakatika, ishike juu ya taa: ukiona alama za kisu zimepenya, aliyekata stika amezidisha.

Kwenye oda andika kipenyo cha tundu la roli (mara nyingi milimita 76), pengo la milimita 3 kati ya lebo, na lebo itangulize upande gani ikitoka. Ukisahau la mwisho, utabandika maandishi kichwa chini, chupa elfu moja.

Kuna swali la kusubiri. Kole ya akriliki, iliyo kwenye stika nyingi, hupanda nguvu taratibu, na desturi ni kuacha saa 24 kabla ya kupeleka chupa kwenye baridi. Mimi sisubiri kila mara, na siwezi kuapa kwamba tofauti inaonekana kwenye kioo safi. Kwenye PE inaonekana. Kuna na mikunjo ya safari: chupa laini iliyofungwa Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ikishuka Kisangani inabanwa na hewa na kuta zinaingia ndani kidogo. Mikunjo ya huko usiitafutie dawa kwenye mashine ya huku.

Sasa ile habari nyingine. Karatasi imetoka tupu, kole imebaki juu ya chupa, inanata kama ulimbo. Kingo za roli zinashika vidole. Roli lilisimamishwa chini ya mabati ya jua kali badala ya kulazwa ndani ya mfuko wake mahali pa baridi, au limekaa miaka mitatu kwa muuzaji. Hapo kole ni mbaya kweli. Lete roli pamoja na lebo mbili zilizobanduka, na usizifute.