Kidonda hakiumi, kwa hiyo kinapona? Maswali na majibu

Homoni zinahusika vipi na kidonda?
Homoni ni kemikali zinazotolewa na tezi na kusambazwa na damu ili kuuelekeza mwili. Ukijikata na jembe, damu inaganda, chembe nyeupe zinapambana na vijidudu, nyama mpya inaota, kisha kovu linakomaa kwa miezi. Homoni ya ukuaji, ya thairoidi, estrojeni, kotisoli, zote zina mkono hapo. Lakini inayotujazia benchi la wagonjwa hapa Arua, Uganda, ni insulini, basi nikae nayo.

Insulini inafanya nini?
Hutoka kwenye kongosho, huziwezesha seli kuchukua sukari na kujenga protini. Ikipungua, au mwili ukiacha kuitii, sukari hurundikana kwenye damu: huo ndio ugonjwa wa kisukari. Chembe nyeupe hulegea, mishipa ya damu huharibika, na miguu hufa ganzi. Hiyo ganzi ndiyo inayowaponza watu.

Sista, kidonda changu hakiumi. Si kinapona?
Hapana. Kwa mwenye kisukari, kidonda cha mguu kisichouma ni cha kuogopwa zaidi. Majuzi mzee mmoja alivua kandambili, chini ya kidole gumba pana shimo. Nikamwambia afumbe macho, nikawa namgusa wayo kwa pamba, aseme "hapo" kila anapohisi. Alinyamaza mpaka nikamaliza mguu mzima. Mkewe ndiye aliyemleta, kwa sababu ya harufu.

Nipake nini kwanza kabla ya kuja?
Usipake kitu. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, uje. Majivu, unga wa betri, kapsuli iliyopasuliwa, kinyesi cha ng'ombe (ndiyo, bado!) vinaongeza uchafu, na kinyesi kinaweza kuleta pepopunda.

Basi nisubiri kidogo, maana hakiumi?
Nimeshajibu: hapana! Una kisukari na mguu una kidonda? Njoo siku hiyohiyo. Hujui kama una kisukari, na kidonda hakijaonyesha dalili ya kufunga kwa wiki mbili? Kapimwe sukari, ni tone la damu tu. Ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) asubuhi kabla ya kula, na ikawa hivyo tena ukirudia kupimwa, ni kisukari. Mguu ukiwa mweusi, unanuka, au wewe una homa, panda boda usiku huohuo.

Na vidonge vya kunenepa?
Vingi ni deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama ile homoni ya kotisoli. Inapandisha sukari na kuchelewesha nyama mpya. Krimu kali za kung'arisha hufanya ngozi iwe nyembamba. Acheni kununua dawa hizi kama peremende. Ila kama umezitumia muda mrefu, usikatishe ghafla, njoo tukupunguzie taratibu.

Wanasema ukianza sindano za insulini, mguu utakatwa.
Wanaosema hivyo wamemwona jirani aliyeanza sindano mguu ukiwa umeshaoza. Kilichomkata ni kuchelewa. Sindano inashusha sukari ili kidonda kipate nafasi ya kufunga. Ukiandikiwa, chukua, na kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Mama, kama macho hayaoni vizuri, mwite mjukuu akuangalilie, hata kama hakuna kinachouma.