TV ya chumbani kwenye gari-nyumba: niacheni na kilo zenu za kwenye boksi

"Fundi, breketi imeandikwa kilo 30, TV yangu haifiki hata kilo 5, sasa inang'okaje?" Breketi ni kile chuma cha kushikia TV ukutani, na nimeshaulizwa hili swali mpaka nimechoka. Juzi tena kaja jamaa wa korosho, Coaster yake kaigeuza gari-nyumba, msimu wa minada anazunguka nayo Tandahimba, Newala mpaka Masasi na analala humohumo, TV ya chumba cha nyuma inaning'inia kwa skrubu moja na bado ananitolea boksi la breketi, kalitunza kabisa, ananionyesha kwa kidole palipoandikwa kilo 30. Nikasema basi, naandika, atakayekuja tena namtumia linki.

Kilo 30 ni za breketi yenyewe, ikiwa imefungwa kwenye tofali au zege, nyumba haiendi popote, TV imekaa hapo mwaka mzima inaangaliwa tamthilia. Hakuna mahali kwenye lile boksi wamekwambia ukuta wako wewe unabeba kilo ngapi, na ukuta ndo unaong'oka. Breketi iliyokatika naiona kwa nadra sana. Ninayoiona kila siku ni breketi nzima, inang'aa, iko sakafuni na TV yake, skrubu zote nne ziko palepale kwenye matundu yake na kila moja imeondoka na kipande cha plaiwudi.

Sasa ukuta wenyewe ukoje. Zile motahomu za Wazungu wanaoingia kutokea Msumbiji kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ukuta wake mara nyingi ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 hivi kwa ndani, katikati povu la plastiki, nje aluminiamu au fiberglasi. Magari yetu ya kugeuza ni bati nje, fremu, halafu plaiwudi ndani na nyuma yake uwazi mtupu. Kwa hiyo skrubu yako hata iwe ndefu vipi, kinachoshika ni meno mawili matatu tu, urefu uliobaki unaelea hewani au kwenye povu. Povu halishiki kitu.

Hapo ndo anakuja mshauri wa kijiweni na dawa yake: ongeza skrubu. Hii ndo inayonipandisha presha kuliko hata ile ya kilo. Sahani ya breketi ni ileile, upana wa kiganja, ukitoboa matundu mengine manne ndani ya kile kieneo umeongeza nini zaidi ya kukitoboa toboa kile kipande kilichobaki? Nikifungua sehemu ya hivyo nakuta matundu yamekuwa ya mviringo mrefu, yameliwa kwenda juu na chini, na unga wa mbao umejaa nyuma ya sahani, ukipuliza unakuingia machoni. Mwingine anakuja na fisha, kile kiplastiki cha kutia tunduni kabla ya skrubu. Fisha ni ya tofali jamani! Inashika kwa sababu ikitanuka inakutana na kitu kigumu pembeni, sasa kwenye povu inatanuka inamsukuma nani? Wengine wananunua zile za mabawa yanayofunguka nyuma ya ukuta, hizo angalau zina mantiki, zinakaa vizuri siku ya kwanza, ila mtikisiko ukizidi zile mbawa zinaanza kusaga plaiwudi kwa nyuma ambako huoni, na utajua siku TV imelala kitandani.

Tupige hesabu kidogo, sio ngumu. TV ya inchi 24 tuseme ina kilo 4. Ule mkono wa breketi ukiuvuta nje ili uione ukiwa umelala, TV iko kama sentimita 40 kutoka ukutani. Skrubu za juu na za chini kwenye sahani zimeachana sentimita 10. Basi zile za juu hazivutwi na kilo 4, zinavutwa na kilo 4 mara 40 gawanya kwa 10, yani kilo 16, gari likiwa limesimama kabisa. Gari likiruka tuta, TV ikataka kubaki juu halafu ikashuka kwa nguvu, chukulia mara tatu tu, hapo ni kilo 48 zinavuta meno mawili ya skrubu kwenye plaiwudi ya milimita 3. Sasa ukunje ule mkono mpaka TV ibaki sentimita 8 kutoka ukutani: kilo 3 na kitu, ikiruka haifiki hata 10. TV ileile, breketi ileile, ukuta uleule. Ndo maana mtu akinitajia kilo bila kuniambia mkono una urefu gani namwona kama hajaongea kitu.

Na chumba cha kulala kwenye haya magari kiko nyuma, tena mara nyingi kimepita tairi za nyuma. Kile kipande kilichoning'inia nyuma ya ekseli kinapiga juu chini kuliko katikati ya gari, aliyewahi kukaa siti ya mwisho ya basi kutoka hapa Mtwara kwenda Dar simwambii. Kwa hiyo usinilinganishie na TV ya sebuleni kule mbele ambayo "mbona yenyewe haijang'oka". Halafu msidhani adui ni rafu rodi peke yake. Kweli, barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati inalegeza nati zote, ila kwenye lami ya kwenda Dar kuna matuta na rasta kila kijiji, Mchinga, Nangurukuru, Somanga, ukijumlisha yale usiyoyaona usiku kwa sababu rangi imefutika, mpaka unafika Daraja la Mkapa TV imeshapigwa vya kutosha.

Haya, ninavyofanya mimi. Kama TV inakaa kwenye kiambaza, yani ukuta wa ndani wa kugawa, cha kabati au cha bafu, umebahatika, napitisha bolti upande mpaka upande na nyuma yake naweka bamba la chuma au plaiwudi nene, sio washa ndogo ndogo zile zinazozama kwenye mbao. Kama ndani ya kiambaza kuna povu, pitisha bolti ndani ya kipande cha bomba kilichokatwa sawasawa na unene wa ukuta, la sivyo ukikaza unaliponda povu, unakaza leo, kesho limebonyea, bolti imelegea, unakaza tena, ukuta umeingia ndani. Kama ni ukuta wa nje huwezi kutoboa mpaka nje, mvua za huku unazijua. Hapo natafuta fremu. Fremu ya chuma sumaku inakuonyesha, ya mbao au aluminiamu utagonga gonga na kutoboa kwa biti nyembamba mahali ambapo patafunikwa. Nikishazipata mbili naweka ubao wa plaiwudi ya milimita 12 unaofika kwenye fremu zote mbili, skrubu zinaingia kwenye fremu, nyuma yake gundi ya polyurethane (sio silikoni, silikoni ni ya kuziba maji), na bolti za breketi nimeshazitia kutokea nyuma ya ubao kabla sijaubandika. Breketi sasa imeshika ubao, ubao umeshika gari.

Kuna kitu kinanisumbua hapa na sitaki kuwaficha. Kwenye ukuta wa povu, fremu zikiwa mbali, gundi ndo inabeba sehemu kubwa, na gundi inashika ile ngozi ya plaiwudi, ila ile ngozi nayo imeshikwa na nini? Imebandikwa kwenye povu kiwandani miaka hiyo. Gari likishinda juani Mtwara hii, paa likiungua, ile gundi ya zamani ya ndani inaanza kuachia na ngozi inavimba, na hapo kazi yangu nzuri inaweza kuondoka na ukuta mzima. Ninachofanya ni kuupapasa ukuta kwanza, nikisikia unabonyea au ukigonga sauti imekuwa ya kopo namwambia mteja hapa sifungi, twende kwenye kiambaza. Wengine wanakasirika.

Lingine ni raba. Kuna mafundi wanaweka raba kati ya breketi na ukuta ili kupunguza mtikisiko. Mimi nayumba kwenye hili. Raba ikiwa laini TV inaanza kudunda yenyewe, na nimeshaona inayotikisika zaidi baada ya kuwekewa. Ngumu kidogo, nyembamba, sawa, nakubali, ila sifanyi kama dawa.

Kinachosaidia kuliko hizo raba ni kuondoa pleyi, ule ulegevu wa viungo. Viungo vya mkono vikiwa na pleyi hata ya milimita mbili, kila tuta TV inatembea zile milimita mbili halafu inagonga. Zikaze zile bolti za viungo, weka washa za nailoni, nati ziwe zile zenye plastiki ndani. Halafu, na hii ndo watu hawataki kuisikia kwa sababu ni rahisi mno: TV isisafiri ikiwa imening'inia. Nafunga kibao kidogo chini ya pale TV inapofika mkono ukikunjwa, juu yake sponji ngumu, TV inakaa kitako pale, mkanda unapita mbele unaibana kwenye ubao. Gari likiwa linatembea mkono wa breketi haubebi kitu, unaelekeza tu. Zipo breketi za magari zenye pini ya kufungia, nzuri, lakini pini inazuia mkono usifunguke tu, uzito wote bado uko pale pale kwenye sahani. Na hiyo pini yenyewe nusu ya wateja wangu wanaikuta siku ninapowaonyesha.

Mengine haraka haraka. Nyuma ya TV ndogo matundu huwa yameachana milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, skrubu za M4 (unene wa milimita 4), usitie ndefu kuliko inavyotakiwa, utatoboa bodi ya ndani. Waya uachie ulegee kwenye viungo, weka fyuzi, nunua TV ya volti 12 uachane na inveta. Inchi 24 kwa chumba kile inatosha, mwenye 43 aje na ukuta wake.

Chumvi nayo. Kwa mtu anayeegesha Shangani au Mikindani upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya kabati, skrubu za kawaida zinaota kutu upesi, tumia za stenlesi. Ila stenlesi ikigusana na fremu ya aluminiamu kwenye chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, utakuta unga mweupe umezunguka tundu. Paka gundi au grisi kabla ya kuitia.

Ukishafunga, piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye sahani. Ukitoka safari ya kwanza ya vumbi angalia, mstari ukiachana nati imezunguka. Halafu weka kiganja ukutani, mwenzio atikise TV. Ukuta ukitembea pamoja na TV, niletee gari. Na ukija toa kwanza godoro na mashuka, siwezi kutoboa kiambaza nimepiga magoti kwenye kitanda cha mkeo.