Kijiji: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi hudhani kwamba kijiji ni kinyume cha mji. Umbo la neno lenyewe linakanusha dhana hiyo, kwani kama mto huzaa kijito na mti huzaa kijiti, ndivyo mji unavyozaa kijiji. Hata leo, mtu wa bara akisema kwamba kijana wake "ana mji wake", hamaanishi jiji, bali kaya aliyoianzisha.

Wengine huamini kuwa kila kijiji cha Tanzania kimekuwepo hapo kilipo tangu enzi za mababu. Vingi si vya kale hivyo. Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, wakapangiwa viwanja kandokando ya barabara, baadhi yao kwa nguvu. Ndiyo maana wapo wazee wanaokuonyesha miembe iliyosimama peke yake porini na kukuambia kwamba pale ndipo palipokuwa kwao.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kuliona neno hili kuwa jina la jumla la mahali popote penye mashamba. Katika sheria za Tanzania Bara, kijiji ni mamlaka iliyosajiliwa, yenye mipaka, vitongoji na Halmashauri inayoweza kushtaki na kushtakiwa. Juu ya Halmashauri hiyo kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Kutoelewa jambo hili kumewagharimu watu ardhi. Mnunuzi hufika na karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti na kugongwa mhuri wa bluu, akidhani shughuli imekwisha, ilhali kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 Halmashauri husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Mwenyekiti peke yake hana ardhi ya kijiji ya kumpa mtu. Ukitaka kujua ukweli, omba muhtasari wa mkutano, kisha uwaulize majirani wa pande zote nne za shamba.

Tena, si kweli kwamba kijiji lazima kiwe mbali na lami. Kibera, ndani ya Nairobi, imegawanyika katika sehemu ambazo wakazi wake huziita vijiji: Kianda, Gatwekera, Laini Saba, Silanga na nyinginezo, ambako nyumba za mabati zimebanana na hakuna hata konde la mahindi. Anayeishi huko akisema "kijiji chetu" anataja majirani zake. Akisema "nyumbani", huenda anataja Siaya au Kakamega, anakokwenda kuzika.