Winston Hakujua Lini Anatazamwa

Kila ninapoanza kufundisha riwaya za distopia, yaani hadithi za jamii ya kubuni iliyogeuka jinamizi kwa watu wake, swali la kwanza la wanafunzi huwa lile lile: mwandishi alijuaje? Mwaka 1949 alijuaje kwamba tutakuja kuishi na skrini zinazotuona? Ninalielewa swali hilo, lakini linatupoteza njia. George Orwell, aliyeandika Nineteen Eighty-Four, hakupiga ramli. Alieleza aliyokwisha kuyaona. Kuanzia 1941 hadi 1943 alifanya kazi BBC, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, hati za vipindi zilipitia kwanza mikononi mwa wakaguzi kabla ya kusomwa hewani. Yeye mwenyewe alikuwa amefunguliwa faili na wapelelezi wa nchi yake, faili ambalo umma uliruhusiwa kulisoma mwaka 2007. Yevgeny Zamyatin, mwandishi wa Urusi aliyemtangulia kwa karibu miaka 30, alifungwa na serikali ya Tsar, na Wabolsheviki waliposhika dola wakamfunga nao. Watu hawa walijua kwa kuonja jinsi mtu anavyobadilika akishajua kuwa anatazamwa. Mashine zimegeuka sana tangu enzi zao, lakini mtu huyo ni yule yule.

Chukua ile skrini ya ukutani katika Nineteen Eighty-Four. Wasomaji wengi hukumbuka kwamba inaona, inasikia, na haizimiki kabisa. Kinachosahaulika ni kwamba Winston Smith, mhusika mkuu, hana njia ya kujua kama kuna mtu upande wa pili. Polisi wa Fikra hufungua waya wa nani, mara ngapi, kwa utaratibu gani? Anabaki kukisia. Kwa hiyo anaishi kana kwamba anatazamwa muda wote. Kabla ya kugeukia skrini huutengeneza uso wake kwanza, uonekane mtulivu na wenye matumaini. Daftari lake huliandikia kwenye kipembe ambacho skrini haikifikii. Chombo kile kinafanya kazi yake hata kama anayetakiwa kutazama amesinzia, kwa sababu anayetazamwa amekwisha kujilinda mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18 Jeremy Bentham alibuni gereza la namna hiyo: mnara katikati, vyumba vimeuzunguka, na mfungwa haoni kama mnarani kuna askari au hamna. Katika riwaya ya Orwell ni kama wazo hilo limetiwa sebuleni.

Je, mambo huwa hivyo kweli nje ya kitabu? Mwaka 2016 mtafiti Jonathon Penney alichapisha uchunguzi kuhusu makala 48 za Wikipedia zinazogusa masuala ya ugaidi. Alitaka kuona nini kiliwapata wasomaji wa makala hizo baada ya Juni 2013, Edward Snowden alipofichua upana wa ufuatiliaji wa mawasiliano uliokuwa ukifanywa na shirika la ujasusi la NSA la Marekani. Wasomaji walipungua ghafla. Makala hazikufutwa wala hazikufungwa, zilikuwa pale pale wazi kwa yeyote. Watu walijikataza. Binafsi naona huu ndio udhibiti unaotisha kuliko wote, kwa sababu kitabu kilichopigwa marufuku kina jina na tarehe na kinaweza kupiganiwa, ilhali swali ambalo mtu aliliacha lizame kooni halimo kwenye orodha yoyote.

Kuna mahali riwaya ya Orwell imepitwa na wakati, na sioni haja ya kuificha aibu hiyo. Dola lake linategemea watu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki: kufikia 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika nchi ya watu kama milioni 16, bila kuhesabu watoa habari wa siri, na mafaili yake yakipangwa rafuni yangechukua urefu wa zaidi ya kilomita 100. Hata hivyo kila barua ilihitaji macho ya mtu, na mtu huchoka. Leo simu ikiwashwa hujitambulisha kwa mnara ulio karibu, na kampuni ya simu huweka kumbukumbu. Nani alimpigia nani, saa ngapi, akiwa wapi, kwa dakika ngapi: hayo ndiyo yanayoitwa metadata, na yanatosha kuchora maisha ya mtu hata kama neno lake moja halikurekodiwa. Hayahitaji wa kuyasikiliza sasa hivi. Yanangoja. Winston aliogopa dakika aliyokuwa nayo. Mtu wa leo akishukiwa leo, njia zake za miaka iliyopita zinaweza kusomwa kuanzia mwanzo, pamoja na siku ambazo hakuwa na sababu ya kuogopa chochote.

Hapo ndipo mwanafunzi huniambia, "Mimi sina cha kuficha." Simbezi anayesema hivyo. Namwelekeza kwa Zamyatin. Katika riwaya yake, ambayo jina lake maana yake ni "Sisi", watu wanaishi katika majengo ya kioo na wana haki ya kushusha mapazia kwa saa maalumu tu, wakiwa na tiketi. Msimuliaji, D-503, ni mhandisi, na mwanzoni hana malalamiko kabisa. Anakionea fahari kile kioo. Taabu inamwanza siku anayopata kitu ambacho ni chake peke yake, yaani kumpenda mtu, kwani hapo anagundua kwamba hana mahali pa kukiweka. Faragha huonekana anasa mpaka siku unapoihitaji, na siku hiyo huwezi kuijenga kwa haraka.

Kuhusu Aldous Huxley, mwandishi wa Brave New World, sitasema mengi, ingawa wapo wanaomweka juu ya wote. Hoja yake kwamba watu wanaweza kutulizwa kwa raha wasijali kinachofichwa ni ya kweli, ila naona hutumiwa mno kuwalaumu wasomaji na kuwasahau wenye mikasi, yaani wanaokata na kuficha maandishi.

Ninayerudi kwake mara nyingi zaidi ni Margaret Atwood, kwa ajili ya kituko kidogo katika riwaya yake The Handmaid's Tale ya 1985. Msimuliaji anakwenda kununua sigara, kadi yake inakataa. Siku hiyo hiyo anafukuzwa kazi. Rafiki yake Moira ndiye anayemfungulia macho: fedha zote zimekwisha kuwa namba kwenye kompyuta, na akaunti za wanawake zimewekwa alama. Ilitosha kubonyeza vitufe vichache. Hakuna mlango uliovunjwa. Atwood hakuwa mtaalamu wa benki. Aliona tu kwamba kinachokurahisishia maisha kikiwa na swichi moja, aliyeshika swichi amekushika wewe.

Swichi za namna hiyo si za hadithi tu. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za Nineteen Eighty-Four kutoka kwenye Kindle, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, vya wateja waliokwisha kuzinunua, kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki. Fedha zilirudishwa, na Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Sidhani kulikuwa na nia mbaya, na ndiyo maana tukio hilo hunikosesha raha: kitabu kilitoka mikononi mwa msomaji ghafla bila mtu yeyote kukusudia kudhibiti fikra.

Orwell alilijua jaribu la mkasi. Mwishoni mwa riwaya yake kuna kiambatisho kinachoeleza kanuni za Newspeak, lugha iliyobuniwa ili mawazo ya uasi yakose maneno. Wengi hukiruka. Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kwa Kiingereza cha kawaida, kana kwamba anayekiandika anaishi baada ya dola lile kwisha. Klabu moja kubwa ya vitabu Marekani ilimtaka akiondoe, pamoja na sura nyingine, ndipo ikisambaze kitabu. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na fedha zile zilikuwa nyingi. Akakataa. Klabu ikakichukua kitabu kizima, kiambatisho kikiwa mahali pake.