Kwa nini chumvi ya Uvinza haiwezi kutengeneza bahari Kigoma?

Mpwa wangu alikwenda Dar likizo, akarudi na picha moja kwenye simu ambayo hakuna mtu hapa Mwanga, Kigoma, hajaonyeshwa. Ni tangi la kioo ukumbini mwa hoteli, ndani yake matumbawe ya zambarau na vile visamaki vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeupe. Alipokuja kwangu hesabu alikuwa ameshaifunga. "Mjomba, maji tunayo ziwa zima. Chumvi iko Uvinza hapo. Tunakosa nini tusiwe na tangi kama hili?"

Nilicheka, ila swali si la kipuuzi. Ziwa hili limewahi kumchanganya hata mtaalamu. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanazuolojia Mwingereza, J.E.S. Moore, alikuja Tanganyika akakuta konokono wenye magamba mazito yaliyonakshiwa kama ya pwani, na yavuyavu wadogo, saizi ya sarafu, wakielea majini. Akatoa hoja kwamba ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari uliokatika zamani. Hakupatia. Ziwa lilizaliwa na Bonde la Ufa, na konokono wale waligeukia sura ya kibahari humu humu. Maji yake yana kama nusu gramu ya chumvichumvi kwa lita. Bahari ina gramu 35.

Ukimtupa samaki wa bahari ziwani, anakufa, na hafi kwa "kukosa chumvi" kama tunavyosema kwa mkato. Damu ya samaki wengi wenye mifupa, wa bahari na wa ziwa, ina chumvi karibu theluthi moja ya ile ya bahari. Kwa hiyo yule wa bahari anaishi mahali penye chumvi kumzidi. Maji yanamtoka mwilini mchana na usiku, naye anafidia kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Migebuka wetu wana shida ya kinyume: maji yanawaingia bila kukaribishwa, kwa hiyo hawanywi, wanakojoa sana. Sasa mchukue yule mnywaji umtie kwa Watanganyika. Maji yanamwingia mwili mzima, seli zinavimba, na figo zake hazina uwezo wa kuyatoa kwa kasi hiyo.

Basi tutie chumvi. Tangi la lita 200 linataka gramu 35 mara 200, yaani kilo 7, mzigo wa bodaboda. Na Uvinza si pa kubeza. Chemchemi za maji ya chumvi za pale, karibu na Mto Malagarasi, zimechemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa ikinunua pale. Tatizo ni kwamba chumvi ile ni nzuri mno: karibu yote ni kloridi ya sodiamu, ile ya mboga. Bahari si maji ya mboga.

Pima lita moja ya bahari. Katika zile gramu 35, sodiamu na kloridi ni kama gramu 30. Zinabaki tano, na hizo tano ndizo zinazomkwamisha mpwa wangu. Kuna salfeti gramu 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4, potasiamu 0.4, kisha bikaboneti na vitu vingine vidogo vidogo. Samaki mgumu angeweza kujikongoja kwa muda kwenye maji ya chumvi tupu. Tumbawe haliwezi, kwa sababu tumbawe ni fundi ujenzi.

Aliyewahi kuona nyumba za kale za Kilwa anajua tumbawe ni jiwe, tena jiwe la kuchomwa likatoa chokaa. Kila mnyama wa tumbawe, mdogo kama kichwa cha njiti au mkubwa kidogo, anachota kalsiamu na kaboneti majini anajijengea kikalio cha mawe. Vikiisha majini, ujenzi unasimama. Mtu atasema basi tuongeze kalsiamu na bikaboneti kwenye chumvi ya Uvinza. Jaribu, utaona maji yanakuwa meupe na unga unakaa chini, ndugu wa ule utando wa ndani ya birika. Viwili hivyo vikikutana kwa wingi vinashikana vyenyewe kabla tumbawe halijavigusa. Baharini magnesiamu ndiyo inayoviingilia kati na kuvizuia visigande ovyo. Ukiikosa, kila unachoongeza kinaishia sakafuni na kwenye hita.

Kuna habari njema hapa, na binafsi ndiyo inayonivutia kuliko zote. Meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876 ikichota maji ya bahari mbalimbali. Mkemia William Dittmar alipima sampuli 77 na mwaka 1884 akachapisha matokeo: chumvi yaweza kuzidi au kupungua kutoka bahari hadi bahari, lakini uwiano wa viungo vikuu haubadiliki. Mchuzi mmoja, dunia nzima. Ndiyo maana viwanda vinaweza kufungasha chumvi ya akwariamu kwenye ndoo, ikapanda treni ya reli ya kati pamoja na mabegi ya wanafunzi, ikafika Kigoma na kuwa bahari ile ile ya Tanga. Unaikoroga kwenye ndoo pembeni, si ndani ya tangi lenye samaki, na unaipima kwa hidromita, kifaa kinachoonyesha maji yamekuwa mazito mara ngapi kuliko maji matupu. Ikisoma 1.025 hivi, umefika.

Kwa maji gani? Si ya ziwa, ingawa yanaonekana meupe kama kioo. Yana magnesiamu na bikaboneti yake mwenyewe, yatavuruga uwiano uliolipia. Mvua je? Kigoma inanyesha vizuri, lakini maji ya bati hubeba vumbi, mavi ya ndege na zinki, na viumbe wasio na uti wa mgongo hawavumilii metali; shaba ndiyo mbaya kuliko zote. Wenye matangi ya matumbawe hutumia chujio la utando linalobakiza maji karibu matupu, ndipo wanatia chumvi.

Halafu, subira. Tangi limejaa, mawe yenye vitundu yamepangwa, pampu inazungusha, na samaki hawaingii. Kinyesi na pumzi ya samaki hutoa amonia, sumu ambayo kwenye maji yenye alkali kama ya bahari huwa kali zaidi. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, iliyo na unafuu. Hao hununui ukawaona, wanajijenga juu ya mawe polepole, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Nimeshamwambia mpwa kwamba kwa mwezi na zaidi atakuwa akifuga mawe. Hakufurahi.

Baada ya hapo adui ni joto na jua letu. Matumbawe mengi yanaishi na mwani wa hadubini ndani ya miili yao, unaowapikia sukari kwa mwanga. Maji yakipata joto kupita kiasi tumbawe linautapika mwani ule na kubaki jeupe. Mwaka 1998 yalipauka hivyo matumbawe mengi ya pwani yetu, pamoja na ya Mafia. Tangini nyuzi 25 au 26 zinatosha, na feni ikipuliza juu ya maji husaidia kupoza.

Lakini feni inakausha. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo tupige hesabu. Tangi lina lita 200 na kilo 7 za chumvi. Lita 20 zikipotea kwa mvuke, chumvi haikuondoka nazo, kilo 7 sasa zimo kwenye lita 180, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Mtu anaona maji yamepungua, anakoroga lita 20 za maji ya chumvi anajazia. Amezidisha gramu 700. Kilichopotea ni maji matupu, kirudishwe maji matupu, kidogo kidogo kila siku. Maji ya chumvi mapya ni ya siku ile unapotoa ya zamani kwa makusudi.

Umeme ukikatika, pampu ikisimama, oksijeni inashuka ndani ya saa chache, hivyo pampu ndogo ya hewa ya betri si anasa. Na matumbawe yenyewe si ya kuokota Mafia na kupakia kwenye basi: yale magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake kuvuka mipaka inataka vibali.

Mpwa alinisikiliza mpaka mwisho akauliza watu wa Ulaya wanaofuga samaki wa Tanganyika wao hufanyaje. Nikamwambia wanachotufanyia sisi ndicho anachotaka kuifanyia bahari. Kuna watu Ujerumani wanakoroga chumvi ya haluli (salfeti ya magnesiamu) na bikaboneti ya sodiamu kwenye maji ya bomba ili yafanane na ya Kigoma, kisha wanatandaza mchanga na magamba matupu ya konokono. Wamo ziwani humu visamaki, vingine havifikii urefu wa kidole, ambavyo hulala, hutaga na kulea ndani ya gamba moja.

"Magamba yapi?"

Ya konokono wa hapa hapa, nikasema. Jioni ile alikuwa ufukweni Katonga na ndoo, akichambua mchanga.