Kabla hujanunua au kufyeka ploti ya kiwanda kilichofungwa, udongo upimwe kwanza

Kila mtaa hapa Mombasa una ploti moja ambayo watu wanaipita tu. Ukuta umeanguka upande mmoja, geti lishang'olewa likauzwa skrapa, ndani kuna tangi limelala ubavu na ardhi yake nyeusi, majani hayaoti. Changamwe, Shimanzi, Miritini, Jomvu, kote zipo. Ilikuwa garaji, au yadi ya mafuta, au pahali pa kuyeyusha betri, mwenyewe akafunga akaenda zake na hakuna aliyemuuliza alichokiacha chini. Watoto wanacheza mpira humo humo. Halafu siku moja mtu anaambiwa inauzwa bei nafuu, anaona bahati imemfuata mpaka mlangoni.

Kazi yangu ni kupima udongo wa pahali kama hapo, na swali ninaloulizwa sana ni moja: serikali inasaidia kusafisha au ni mzigo wangu? Jibu lipo, ila linaanzia kwa kujua kilichomo ardhini.

Owino Uhuru, mtaa wa hapa hapa Mombasa, sote tunaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa 2014, lakini ile risasi, yaani yale madini mazito ya ndani ya betri ya gari, haikufungwa pamoja nacho. Risasi haiozi wala hailiwi na wadudu, inakaa kwenye udongo miaka na miaka, na kwa mtoto mdogo inaingia damuni ikaharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango ambacho wataalamu wa afya wanaweza kusema hiki ni salama. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakaazi wapatao 3,000 walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Kesi ikapanda rufaa, fidia ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hebu hesabu miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifungwa, siku hiyo alikuwa darasani tayari.

Tukija kupima hatuji na tingatinga. Tunaigawa ploti vipande vipande, kila kipande tunachota zile sentimita mbili tatu za juu kwa kijiko cha stenlesi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoingia kwenye kucha za mtoto na kwenye vumbi la dirishani. Kuna mashine ya eksirei ya kushika mkono, ukiielekeza kwenye udongo inasoma madini papo hapo, namba zinatokea kwenye kioo. Mafuta na kemikali nyingine hiyo mashine haizioni, lazima sampuli iende maabara, na tunachimba chini zaidi. Na kule kisiwani na karibu na bahari mwamba wa chini ni matumbawe, una matundu, oili ikimwagika juu haichukui muda kufika kwenye maji. Kwa hiyo kama kuna kisima karibu na ploti ya aina hiyo nacho kipimwe, hata kama maji yanaonekana meupe pe.

Sasa habari ya msaada. Marekani walijifunza kwa uchungu. Kule Love Canal, New York, kampuni ya kemikali ilizika zaidi ya tani 20,000 za taka, halafu 1953 ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola 1. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa, na 1978 rais akatangaza hali ya dharura, familia zikahamishwa. Mwaka 1980 wakapitisha sheria kali ya kumfanya mchafuzi alipe, lakini ilimshika hata mwenye ardhi wa sasa ambaye hakumwaga chochote, basi wanunuzi wakaziogopa hizo ploti kabisa, zikabaki magofu katikati ya miji. Ndipo 1995 shirika lao la mazingira, EPA, likaanza kutoa pesa kidogo kidogo kwa miji ikapime. Sheria ya 2002 ikamlinda mnunuzi aliyechunguza ardhi vizuri KABLA ya kununua, na ikaweka ruzuku za kupima, za kusafisha, mfuko wa mikopo unaozunguka (mmoja akilipa, anakopeshwa mwingine), na pesa za kufundisha vijana wa mtaa kazi yenyewe ya kusafisha. Wanakadiria wana ploti kama hizo zaidi ya 450,000, na 2021 wakaongezewa dola bilioni 1.5. Hiyo ya kufundisha vijana ndiyo ninayoitamani zaidi hapa, manake vijana wa Jomvu na Changamwe ndio wanaoishi na hilo vumbi, basi ujira wa kuliondoa uwe wao.

Kwetu Kenya hatuna mpango mkubwa hivyo lakini tusiseme hatuna kitu. Sheria ya mazingira, EMCA ya 1999, inaipa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nguvu ya kumwamuru aliyechafua airudishe ardhi ilivyokuwa. Na sheria hiyo hiyo imeunda Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, ambao kazi yake ni pale ambapo mchafuzi hajulikani, au hali ni ya kipekee mpaka NEMA iingilie. Ndiyo ile ploti yetu ya ukuta ulioanguka! Wengi hawajawahi kuusikia huu mfuko, na wasiposikia hawaombi. Si pesa ya kumpa mwenye ploti mfukoni ajenge, elewa hilo, ni ya kuondoa madhara. Na katiba kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi, cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia.

Kusafisha nako si lazima kung'oa ardhi yote. Inategemea unataka kuweka nini. Pahali pa kuegesha malori panaweza kufunikwa kwa zege nene risasi ikabaki imefungiwa chini, mradi mtu asije akachimba baadaye. Pahali pa shule ya chekechea hapana, ule udongo utolewe upelekwe panaporuhusiwa kisheria. Udongo ulioingia dizeli unaweza kutandazwa, ukageuzwa na kulishwa mbolea, bakteria wakayala mafuta taratibu. Kibarani tumeona wenyewe jaa likifungwa na miti kupandwa, kwa hiyo ardhi kubadilika inawezekana.

Wakati unasubiri, usifagie hiyo ploti ikiwa kavu, usichome chochote humo, na tafadhali sana usichukue udongo wake kujazia shimo la kwako, tumeshaona udongo mbaya ukihamia mtaa wa pili kwa mkokoteni. Mwagia maji vumbi litulie, watoto wanawe mikono kabla ya kula, viatu vibaki nje. Mtoto aliyezoea kucheza hapo apelekwe hospitali na umwambie daktari wazi kwamba unataka damu ipimwe risasi, usiseme tu ana tumbo.

Na kama wewe ni mnunuzi, usitoe hata deposit kabla ya ripoti ya udongo. Uliza wazee wa mtaa pale palikuwa na nini, wanajua mengi kuliko hati. Kama nyinyi ni majirani andikeni barua moja kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, nakala kwa afisa wa afya ya umma na kwa chifu. Wekeni namba ya ploti, picha, kilichokuwa kinafanywa pale na mwaka kilipofungwa, kisha ombeni mambo mawili kwa maneno yenyewe: udongo upimwe, na kama mchafuzi hapatikani Mfuko wa Kurejesha Mazingira utumike. Ipelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, na mmoja wenu aiweke pahali haitapotea, kwa sababu mkija kuulizwa mlilalamika lini hiyo karatasi ndiyo itakayojibu.