Polisi wakichelewa na kesi yako, mbunge wa Tanga anaweza kufanya nini hasa?

Watu wanaokuja kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Tanga mjini, wengi wao stori inafanana. Ameibiwa au amepigwa, akaenda kuripoti, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo, na tangu siku hiyo ni njoo kesho, njoo wiki ijayo, mpelelezi kasafiri, mpelelezi kahamishwa. Na kabla hajafika kwetu anakuwa keshazunguka kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, wengine wamefika hadi ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, na kote anaambiwa hilo sio letu. Inauma, ila wanaomwambia hivyo wanasema kweli.

Mkoa wetu una halmashauri 11, kuanzia Jiji la Tanga mpaka Kilindi na Bumbuli, na hakuna hata moja yenye mamlaka juu ya askari. Jeshi la Polisi ni la taifa zima, lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkuu wa kituo anawajibika kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, OCD kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, RPC kwa IGP, mkuu wa jeshi lote, basi. Diwani hayupo kwenye huo mstari. Kuna kamati ya usalama ya wilaya, kweli, ila mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya ambaye ni mteule wa Rais, na wajumbe ni wakuu wa vyombo vya ulinzi na usalama, kwa hiyo uliyempigia kura huku chini hayupo hapo mezani.

Sasa hapa ndo pananishughulisha sana kama mwanasheria. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 146 inasema wazi kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na kati ya kazi inazozitaja ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Someni tena hiyo, ULINZI WA WANANCHI. Yaani halmashauri imepewa wajibu wa ulinzi ila haijapewa hata uwezo wa kumuuliza OCD kwanini majalada ya wizi wa mifugo yanakaa muda wote huo. Historia yenyewe mnaijua wazee, mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, sheria za kuzirudisha zikapitishwa 1982, zikaanza tena kazi 1984, na tangu miaka ya tisini ugatuaji, yaani kushusha madaraka huku chini, umekuwa unaimbwa kwenye shule, zahanati, maji na barabara. Kwenye polisi haujagusa. Na msidhani ni sisi tu, wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wana katiba ya 2010 yenye kaunti 47, Kwale ipo jirani kabisa na Mkinga, lakini gavana wa Kwale hawaamrishi polisi, polisi wamebaki wa taifa. Tofauti ni kwamba sheria yao ya polisi ya 2011 imetaja chombo cha kaunti cha mambo ya ulinzi na mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wa serikali ya kaunti aliyeteuliwa na gavana, angalau pameandikwa mahali ambapo kiongozi wa kuchaguliwa anakaa na polisi wanajadili hali ya usalama. Kwa maoni yangu hapo pana kitu cha kujifunza.

Kwa hiyo kwa sheria zilivyo leo, kiongozi wa kuchaguliwa mwenye njia ya moja kwa moja ya kumbana anayesimamia polisi ni mbunge. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inamruhusu mbunge kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake. Swali la msingi linapelekwa kwa maandishi, linajibiwa Dodoma, mara nyingi na naibu waziri, halafu muulizaji anasimama na maswali yake mawili ya nyongeza. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kwenye bajeti, ambazo zinasomwa kuanzia Aprili mpaka Juni, mbunge asiporidhika na maelezo anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo kuonyesha hajaridhika, na hapo hoja yake inajadiliwa hadi apate maelezo au iamuliwe kwa kura.

Shida ninayoiona ni aina ya maswali. Wabunge wengi wanauliza lini Serikali itajenga au itamalizia kituo cha polisi kata fulani, na jibu huwa fedha zikipatikana, imeisha hiyo, mtu anakaa. Jengo ni muhimu sikatai, mtu wa kijijini kule Kilindi hawezi kusafiri mpaka Songe kila akiibiwa kuku. Lakini muda ndo haki yenyewe. Aulize hivi: je, ni majalada mangapi wilaya hii yamekaa zaidi ya mwaka bila kupelekwa ofisi ya mashtaka, wapelelezi ni wangapi, gari la upelelezi linapata mafuta kiasi gani kwa mwezi? Hapo fedha zikipatikana haitoshi kuwa jibu, namba zinatakiwa zitoke, na zikitoka zinaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, mwakani anauliza tena tunalinganisha.

Tena sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai imehesabu saa kwa upande wa aliyekamatwa. Ukikamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, na haiwezekani ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa akupe dhamana isipokuwa aone kosa ni zito. Ni vizuri sana na iendelee. Ila aliyeibiwa hana saa zake, hakuna kifungu kama hicho kinachosema ndani ya siku kadhaa mpelelezi ampe mlalamikaji taarifa kesi imefika wapi. Mbunge anaweza kulisukuma hilo kwenye marekebisho ya sheria, hata kwa muswada binafsi, kanuni zinaruhusu.

Asichoweza ni kuamuru fulani akamatwe au fulani aachiwe, wala kesi ikiwa mahakamani hawezi kwenda kuijadili Bungeni. Usimwombe hayo, utamponza na wewe utapoteza muda.

Msaidie kwa kumpa kitu cha kushika. Mama mmoja alitufungulia pindo la kanga akatoa kikaratasi cha RB, wino ushafutika, mwaka unasomeka ila namba huioni, na hakuwa ameandika popote pengine. Piga picha RB yako siku hiyohiyo. Halafu urudi kituoni uulize kama jalada limefunguliwa, likifunguliwa linakuwa na namba ya IR, yaani ya rejista ya upelelezi, na uulize mpelelezi ni nani. Watu wengi wanakaa na RB miezi wakidhani upelelezi unaendelea, kumbe taarifa imepokelewa tu. Ukikwama kituoni panda kwa OCD, na mkoani yupo RCO, afisa wa polisi anayesimamia upelelezi, ukiona umevunjiwa haki kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Orodhesha tarehe ulizokwenda na ulichoambiwa kila mara, na kama mpo watano mtaa mmoja mmeibiwa pikipiki na hamna majibu, andikeni barua moja, maana mbunge akisimama na mfano wa watu watano ana nguvu kuliko malalamiko ya polisi hawafanyi kazi.

Sio lazima umfuate Dodoma. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na baraza linakaa angalau kila miezi mitatu kwa mikutano ya wazi, ratiba ulizia kwa mtendaji wa kata. Barua tunakusaidia kuiandika bure, hatuchukui hata mia, njoo na RB, namba ya IR kama unayo, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama uliumizwa.